Ukibanwa na hamu mbaya au waswasi, toka ukamtendee mtu wema



Leo safu yetu inazungumza na watu wawili ambao huenda wote wamo ndani ya nyumba yako. Wa kwanza ni yule aliyeapa mara nyingi kuacha kitu kinachomdhuru, iwe ni sigara, ugoro, mirungi, gongo au kubeti, lakini kila ikifika saa yake anajikuta amekirudia. Wa pili ni yule ambaye kichwa chake hakimpi nafasi. Anatawadha mara saba, anarudi mlangoni mara nne kuhakikisha amefunga, au kuna wazo moja baya limemng'ang'ania tangu asubuhi, na kadiri anavyolifukuza ndivyo linavyorudi.

Kwa nje watu hawa ni tofauti kabisa. Wa kwanza tunamlaumu kwamba hana msimamo. Wa pili tunamsifu kwamba ni mcha Mungu sana, au tunamcheka, au tunasema ana mashetani. Lakini ukiwaangalia kwa jicho la afya utaona wanashirikiana jambo moja. Wote wawili wamefungiwa ndani ya nafsi zao. Mmoja anasikiliza mwili wake unavyodai, mwingine anasikiliza kichwa chake kinavyonong'ona, na wote hawasikii kitu kingine.

Ndiyo maana dawa mojawapo inayowafaa wote ni ile ambayo tunaifahamu siku zote lakini hatuihesabu kuwa ni dawa, nayo ni kumtendea mtu mwingine wema mdogo, kwa mikono yako, saa ile ile unapobanwa. Makala hii inaeleza kwa nini jambo hili linasaidia, namna ya kulifanya, na pia mahali linapoishia, kwani si kila maradhi yanatibiwa kwa wema peke yake.

HAMU NI WIMBI

Mtu anapozoea kitu kama tumbaku au pombe, ubongo wake hujifunza kukingoja kwa saa zake na mahali pake. Mwenye kuvuta sigara atakuambia kwamba hamu humjia zaidi baada ya kula, akishika kikombe cha chai, au akifika kijiweni kwa wenzake. Anayebeti hubanwa anapoona simu yake ina salio, au siku za mechi. Vijana wa mitaani wana neno lao la hali hiyo ya kubanwa, wanaiita arosto.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hamu hiyo haipandi moja kwa moja mpaka ikuue. Ni kama wimbi la ziwa. Linainuka, linafika juu, kisha linashuka lenyewe hata usipolipa linachotaka. Kwa mvuta sigara, wimbi kali mara nyingi halizidi dakika kumi. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi, na baada ya wiki mbili hadi nne mwili wa wengi huwa umetulia, ingawa hamu ya ghafla inaweza kurudi baadaye.

Ushahidi wa jambo hili unao nyumbani kwako kila Ramadhani. Mkoani Mara, ulio karibu na ikweta, saumu yetu huchukua takriban saa 13. Mtu ambaye siku za kawaida hawezi kukaa saa mbili bila sigara, hukaa saa hizo zote bila kuvuta, anafanya kazi, anaswali, na hafi. Tatizo ni kwamba adhana ya magharibi ikisikika, wapo wanaofungua kwa tende mkono wa kulia huku mkono wa kushoto unatafuta kiberiti.

Hivyo basi swali si kama mtu anaweza kuvuka wimbi, kwani tumekwisha kuona kwamba anaweza. Swali ni afanye nini katika dakika zile kumi. Akikaa peke yake anahesabu dakika, wimbi litamshinda. Akipata jambo la kufanya litakalomtoa pale alipo na kumkutanisha na mtu, wimbi litapita akiwa hana habari nalo.

WASWASI NI MNONG'ONO UNAOTAKA MAJIBU

Neno wasiwasi tunalolitumia kila siku kwa maana ya hofu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mnong'ono. Surat An-Nas, ambayo hata watoto wetu wa madrasa wameihifadhi, inatufundisha kujikinga kwa Allah (s.w) na shari ya mnong'onezaji huyo. Kwa hiyo Waislamu si wageni wa jambo hili.

Wala wanazuoni wetu hawakuliacha kwa watu wa dua pekee. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria sawa na mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na afya ya nafsi. Humo aliyataja maradhi ya nafsi kuwa ni hasira, hofu, huzuni na waswasi, na akayaeleza moja moja pamoja na matibabu yake. Kwa mwenye waswasi, moja ya nasaha zake kubwa ilikuwa asikae peke yake wala asikae bila shughuli. Ajichanganye na watu na ajishughulishe, kwa sababu upweke ndiyo nafasi ya waswasi. Hayo yamesemwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na madaktari wa leo hawajayapinga.

Namna waswasi unavyofanya kazi ni hii. Wazo linakuja: "Huenda udhu haukutimia." Moyo unashtuka. Mtu anarudia udhu, anapata nafuu ya dakika mbili. Kisha wazo linarudi likiwa na nguvu zaidi, kwa sababu limekwisha kujua kwamba likiita, linaitikiwa. Kila unapolijibu unalilisha. Mtu wa namna hii humaliza dumu zima la lita 20 kwa swala moja, mikono yake inapasuka kwa maji na sabuni, ngozi inapoteza mafuta yake ya asili, na mipasuko ile inakuwa njia ya vijidudu kuingia mwilini. Jambo lililoanza kama usafi linageuka kuwa madhara ya afya.

Ikumbukwe kuwa Mtume (s.a.w) imepokewa kwamba akitawadha kwa maji ya kibaba kimoja, ambayo hayafiki lita moja, na akioga kwa maji ya pishi moja, yaani vibaba vinne, au kuzidi kidogo kufikia vibaba vitano. Kwa hesabu hiyo, dumu analolimaliza mtu mmoja kwa waswasi lingewatosha watu zaidi ya 20 kutawadha. Tena kanuni ya fiqhi iko wazi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ukiwa na yakini umetawadha na shaka ikaja baadaye, udhu wako upo palepale.

Na yule anayejiwa na mawazo machafu kuhusu dini, au picha za kumdhuru mtoto wake ambaye anampenda kuliko chochote, asidhani kwamba hayo ndiyo nia yake. Masahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w) kwamba wanapata katika nafsi zao mambo ambayo hata kuyatamka wanayaona makubwa mno, naye akawafahamisha kuwa kule kuyachukia ndiyo imani yenyewe. Wazo linalokutisha na kukuchukiza ni mgeni asiyealikwa. Usimkaribishe wala usigombane naye mlangoni. Mwache asimame, wewe endelea na kazi.

WALIOLIJARIBU JAMBO HILI

Ndugu msomaji, unaweza kuuliza, je, wema unaingiaje hapa? Tuangalie mifano mitatu ya kweli.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Mwezi Mei 1935 mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu. Biashara iliyompeleka kule ilikwama, akabaki peke yake hotelini, na upande mmoja anasikia vicheko vya watu katika baa. Hamu ikampanda. Badala ya kuingia baa alikwenda kwenye simu, akapiga kwa watu wa dini wa mji ule kuomba aonyeshwe mlevi mwingine ambaye anaweza kumsaidia. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, mlevi aliyekuwa karibu kupoteza kila kitu. Wakazungumza kwa saa nyingi. Bill hakunywa, na Bob naye akaja kuacha mwezi uliofuata. Kutokana na mazungumzo yale kikazaliwa chama kinachojulikana duniani kwa jina la Alcoholics Anonymous.

Lipo jambo moja dogo katika habari hiyo ambalo tusiliache. Katika miezi ile mitano kabla ya Akron, Bill alikuwa akiwahangaikia walevi mjini New York na hakuna hata mmoja aliyeacha. Alipokata tamaa, mkewe alimwonyesha kwamba yuko mmoja aliyeacha, naye ni yeye mwenyewe. Wema wake haukuwa umepotea. Ulikuwa unamlinda yeye.

Njia hiyo ya aliyepona kumshika mkono anayeanza ndiyo iliyokuja kutumika katika nyumba za upataji nafuu kule Zanzibar, maarufu kama soba hausi, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 2000 kuwasaidia vijana walioathirika na unga. Humo kijana aliyewahi kuitwa teja mtaani anampokea mwenzake aliyeingia jana, anamwamsha, anakula naye na kumsikiliza. Anamsaidia mwenzake huku akijizuia yeye mwenyewe kurudi alikotoka.

Mfano wa pili ni wa Zimbabwe. Wenzetu Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa afya ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mjini Harare, katika eneo la Mbare, mpango wa kuwatumia bibi wa mitaani, 14 kwa kuanzia, waliofundishwa kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliofanyika kwa watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na wale bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na kufungisisa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na baada ya mazungumzo ya benchi, wagonjwa hualikwa kwenye vikundi ambako wanasaidiana wenyewe kwa wenyewe na kufanya kazi ndogo za mikono za kuwaingizia kipato. Aliyekuja kusaidiwa anakuwa msaidizi. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar.

Mfano wa tatu ni wa watafiti David Cregg na Jennifer Cheavens wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, waliochapisha matokeo yao mwishoni mwa 2022. Waliwachukua watu 122 wenye dalili za sonona, hofu na msongo wa mawazo, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja liliambiwa lipange mikutano ya kujiburudisha na watu. La pili lilifundishwa kuyapima upya mawazo yake mabaya kwa kuyaandika. La tatu liliambiwa litende wema mara tatu kwa siku, siku mbili kwa wiki, kwa wiki tano. Makundi yote yalipata nafuu. Lakini waliotenda wema ndio waliojisikia karibu zaidi na watu, na mojawapo ya sababu zilizoonekana ni kwamba wema uliwaondoa katika kujifikiria wao wenyewe. Hawa hawakuwa walevi wala wagonjwa wa waswasi wa udhu, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Hata hivyo unatuonyesha mlango ni upi.

MANYAMANYAMA TUNA NAFASI NYINGI

Mtu anaweza kusema kwamba yeye hana fedha za kutendea watu wema. Huko ni kuufahamu wema vibaya. Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba kumkunjulia uso ndugu yako ni sadaka, na kuondoa chenye kudhuru njiani ni sadaka.

Sisi wa Manyamanyama, hapa Bunda, tuna nafasi ambazo wengine hawana. Hospitali ipo karibu. Nenda pale saa unayobanwa na utawakuta jamaa waliomleta mgonjwa kutoka kijijini, hawamjui mtu hapa mjini, wanahangaika na maji ya moto na uji wa mgonjwa. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na chupa moja ya chai ya rangi inatosha kuwa sababu ya kuingia. Mwenye bodaboda anaweza kumrudisha mzee nyumbani bila nauli mara moja kwa siku. Mwenye nguvu anaweza kumchotea maji bibi anayeishi peke yake. Mwenye kusoma anaweza kukaa nusu saa na mtoto wa jirani aliyeshindwa hesabu. Wala usiulize dini ya jirani kwanza. Katika mkoa wetu Waislamu tunaishi nyumba kwa nyumba na wasiokuwa Waislamu, na haki ya jirani inawahusu wote.

Tuchukulie mfano wa baba anayevuta. Saa yake ngumu ni baada ya chakula cha usiku. Siku zote alikuwa akimaliza kula anatoka nje na sigara. Sasa akimaliza kula, mkewe anampa bakuli lililofunikwa, amfikishie mama mjane wa nyumba ya tatu. Anakwenda, anasalimia, anaulizwa habari za watoto, anaombewa dua, anarudi. Zimepita dakika 15. Wimbi limekwisha kushuka.

Au chukua binti mwenye waswasi wa udhu. Akishatawadha mara moja, ndani ya muda ule ule ambao angerudia, anajaza ndoo ya wanawake wanaokuja kuswali, au anamtawadhisha bibi yake asiyeweza kuinama. Waswasi utamwambia, "Wako haukutimia." Asiujibu. Mikono yake ina kazi ya mtu mwingine.

NAMNA YA KUFANYA

1. Ijue saa yako. Kwa siku tatu andika hamu au waswasi unakujia saa ngapi, ukiwa wapi, ukiwa na nani. Usipoijua saa ya adui huwezi kumwekea mtego.

2. Panga wema kabla ya saa hiyo. Ukishabanwa huna akili ya kutafuta. Amua tangu asubuhi kwamba leo ikifika saa fulani nitakwenda kwa mtu fulani kufanya jambo fulani.

3. Uwe wema wa mikono na miguu, wa uso kwa uso. Kutuma ujumbe wa simu ukiwa umelala kitandani hakukutoi pale ulipo. Ondoka.

4. Anza na kidogo. Wanaofunga sunna za Jumatatu na Alhamisi wanaweza kuzifanya siku hizo hizo kuwa siku za mambo matatu ya wema, wakaendelea kwa wiki tano. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Usiende penye mtego. Anayeacha pombe asiende kilabuni kumnasihi rafiki yake akiwa peke yake, kwani badala ya kumtoa ataingizwa. Aende mchana, nyumbani kwa rafiki huyo, akiwa na mwenzake aliyekwisha kuacha.

6. Ukiteleza, usisimamishe wema. Shetani hupenda kumwambia aliyevuta sigara moja kwamba yote yameharibika, amalize pakiti. Aliyeteleza leo kesho ana mgonjwa wa kumzuru kama kawaida.

TAHADHARI KWA MWENYE WASWASI

Wema usiwe udhu wa pili. Yaani usiseme moyoni, "Nikitoa sadaka hii wazo litafutika," au "Nisipomsalimia kila mtu njiani kitu kibaya kitatokea." Hapo waswasi umebadilisha nguo tu. Tenda wema ukiwa na wazo lako pembeni, likelele likitaka, lisikelele likitaka. Lengo si kulifuta wazo. Lengo ni kuacha kulitumikia.

Vilevile yuko mtu ambaye wema wake ni kushindwa kusema hapana, anahudumia watu mpaka anaumwa. Huo si wema tunaouzungumzia. Mwili wako nao una haki juu yako.

NYUMBA IFANYE NINI

Wema mkubwa zaidi kwa mgonjwa wa namna hii ni ule wa watu wa nyumbani kwake, na hapa ndipo wengi tunakosea.

Kwa mwenye uraibu, kumpa fedha mkononi si wema, hata akilia. Mpe chakula, mpe nauli kwa kumsindikiza mwenyewe, mpe kazi, mpe muda wako. Wala kumsimanga kila siku mbele ya watoto hakumsaidii, kwani aibu humrudisha kule kule alikotoka. Mwambie neno moja zuri kwa siku ambayo hakutumia.

Kwa mwenye waswasi, usimcheke na usimwite majina. Lakini pia usimjibu swali lile lile mara 20. Mama akiulizwa na binti yake kwa mara ya tano, "Mama, umeniona nimeosha miguu?", asiseme "Ndiyo" kwa mara ya tano. Jibu hilo ni tamu kwa dakika moja na ni sumu kwa mwaka mzima. Aseme kwa upole, "Mwanangu, nimeshakujibu. Najua inakusumbua. Njoo tumpelekee bibi maji." Kisha wainuke waende. Mwanzoni binti atalia na kukasirika, lakini mama asimame pale pale bila ukali.

LINI UENDE HOSPITALI

Ndugu msomaji, tusidanganyane. Uraibu na waswasi vikifikia kiasi fulani ni maradhi, na Uislamu umetufundisha kutafuta dawa. Nenda hospitali, au mpeleke wako, ukiona haya:

- Waswasi unachukua zaidi ya saa moja kila siku, au unamzuia mtu kazi, shule, ndoa au usingizi.

- Mikono au miguu imepasuka na kuota vidonda kwa kuosha.

- Mtu anakunywa pombe kila siku na akikosa asubuhi anatetemeka na kutoka jasho. Huyu asiache ghafla nyumbani bila kumwona daktari, kwa sababu anaweza kupata degedege na hata kufa.

- Mtu anatumia unga. Zipo dawa za kumsaidia. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo imekwisha kuenea mikoa mingine.

- Mtu anazungumzia kujiua au kuona hana faida ya kuishi. Huyu asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Anza na hospitali yetu ya Manyamanyama. Wakiona inafaa watakuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Musoma, au Bugando, Mwanza. Kwa waswasi uliokomaa, matibabu ni mazungumzo maalumu ambayo mgonjwa hufundishwa hatua kwa hatua kukaa na shaka bila kurudia kitendo, na pengine vidonge vya kila siku. Vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, kwa hiyo usiviache wiki ya pili ukasema havifanyi kazi. Dua na ruqya viendelee, havipingani na dawa.

MWISHO

Ukitoka kusoma ukurasa huu, fanya jambo moja. Fikiria saa yako ngumu ya leo ni ipi. Halafu fikiria ni nani, umbali wa dakika tano kutoka mlangoni kwako, ambaye angefurahi kukuona saa hiyo. Ikifika, usikae kubishana na nafsi yako. Vaa kandambili, beba ulicho nacho hata kama ni dumu la maji, nenda ukabishe hodi.

Huenda yule utakayemgongea mlango naye alikuwa amekaa peke yake, anapambana na wimbi lake.